Kuuweka Mkavu Uvungu wa Nyumba

Kama umenunua au umepanga nyumba katika majimbo ya kusini mashariki mwa Marekani, iwe North Carolina, Tennessee, Georgia au jirani zake, huenda sakafu unayoikanyaga haijakaa juu ya ardhi. Imebebwa na boriti za mbao, na chini ya boriti hizo kuna nafasi ya futi mbili au tatu hivi, yenye giza, udongo mtupu, mabomba ya maji na nyaya za umeme. Mtu huingia humo kwa kutambaa, kupitia kimlango kidogo kilichotobolewa ukutani mwa msingi. Mafundi wa huko huiita krolispesi. Sisi tuiite uvungu wa nyumba.

Afrika Mashariki na Kongo nyumba nyingi hukaa juu ya zege au udongo ulioshindiliwa, kwa hiyo ni rahisi mtu kuishi Marekani miaka kadhaa bila kukifungua kile kimlango hata mara moja. Unyevu nao huozesha mbao taratibu, hadi siku sakafu ya jikoni inapoanza kubonyea. Kuzuia hali hiyo si kazi ngumu, na sehemu yake kubwa haihitaji pesa nyingi. Kinachowagharimu watu ni kuanzia mwisho, yaani kununua mashine ya kukausha hewa kabla ya kuyazuia maji yanayoingia. Kwa hiyo katika makala haya mpangilio wa kazi ndio ninaotaka uushike kuliko kitu kingine chochote.

Huenda ukauliza: mimi nalala juu, ya uvunguni yananihusu nini? Yanakuhusu kwa sababu hewa ya uvunguni haibaki uvunguni. Hewa yenye joto ndani ya nyumba hupanda na kutokea kwa juu, na pengo lake hujazwa na hewa inayovutwa kutoka chini, kupitia matundu ya mabomba, nafasi za nyaya na nyufa za sakafu. Kama chini kuna kuvu, vumbi lake na harufu yake mnavivuta sebuleni na vyumbani, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kuumia. Halafu kuna nyumba yenyewe. Mbao kavu ya kujengea inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 19 ya uzito wake. Ikipita 20, kuvu hupata pa kuanzia. Ikikaribia 30 na kubaki hapo, huoza. Mchwa wa Marekani nao hupenda mbao zenye maji kama wenzao wa kwetu.

Dalili hujitokeza juu kabla hujachungulia chini. Harufu ya udongo uliovunda inayozidi mwezi wa Julai na Agosti. Milango inayogoma kufunga kiangazi, kisha inalegea kipupwe kikija. Sakafu ya mbao ambayo kingo za vipande vyake zimeinuka. Sehemu ya sakafu inayocheza ukiikanyaga, hasa karibu na choo, bafu au sinki. Ukiona mojawapo ya hizi, usingoje ya pili.

Hatua ya kwanza ni kwenda kuangalia. Fungua kimlango na umulike kwa tochi ukiwa bado nje. Ukikuta maji yametuama, usiingie, kwa sababu huenda kuna waya wa umeme uliogusa maji hayo; ita fundi. Ukisikia harufu ya choo au ya gesi, usiingie pia. Kama ni salama, vaa nguo ya mikono mirefu au ovaroli, glovu, miwani ya kazi na barakoa ya aina ya N95, kwa kuwa mavi ya panya na vumbi la kuvu si vitu vya kuvuta. Tazama buibui weusi wenye sumu na nyoka kwenye pembe. Katika nyumba za zamani, mabomba au mifereji ya hewa iliyofungwa kitu cheupe kama plasta huenda ina asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo usiiguse. Mwache mtu mzima mlangoni anayejua kuwa uko ndani.

Beba vifaa viwili vidogo. Kimoja ni kipimo cha unyevu wa hewa, kinachopatikana kwa dola 10 hadi 15 katika maduka ya vifaa vya ujenzi kama Home Depot na Lowe's. Kingine ni kipimo cha unyevu wa mbao, chenye sindano mbili unazozichomeka kwenye boriti, nacho huuzwa kati ya dola 30 na 50. Hewa ya uvunguni inatakiwa ibaki chini ya asilimia 60. Chukua vipimo vya mbao sehemu tano au sita, hasa chini ya jiko na bafu, na uviandike pamoja na tarehe. Ukiwa humo, angalia kama udongo una rangi ya kukolea na unashika mkononi, kama ukuta wa msingi una mistari ya maji au unga mweupe wa chumvi, na kama pamba ya kuzuia baridi iliyowekwa kati ya boriti imelowa na kuning'inia. Piga picha kila kitu, maana zitakufaa baadaye utakapozungumza na fundi au mwenye nyumba.

Sasa, maji haya yanatoka wapi? Njia ni chache: mvua inayotoka nje, bomba linalovuja ndani, mvuke unaopanda kutoka kwenye udongo, na unyevu unaoletwa na hewa ya kiangazi. Zishughulikie kwa mpangilio huo huo. Anayetandika nailoni juu ya udongo wakati maji ya paa bado yanamwagikia kwenye msingi atakuta bwawa juu ya nailoni yake.

Anza na paa. Mvua ya inchi moja ikinyesha juu ya paa la futi za mraba 1,000 inaleta galoni zaidi ya 600 za maji, karibu lita 2,400. Gata zikiziba kwa majani, maji yote hayo hudondoka kwenye ukuta wa msingi na kuzama papo hapo. Safisha gata angalau mara mbili kwa mwaka, mwisho wa majira ya kupukutika majani na tena baada ya miti kuchanua. Ukitumia ngazi yako hulipi kitu. Ukimwita mtu, nyumba ya ghorofa moja mara nyingi ni kati ya dola 100 na 250. Halafu tazama bomba la kushusha maji kutoka kwenye gata linaishia wapi. Likimwaga maji mguuni mwa nyumba, liongezee kipande cha plastiki kiyapeleke futi sita au zaidi kutoka ukutani. Kipande kimoja ni dola 10 hadi 20. Kwa nyumba nyingi, hakuna dola 20 zinazofanya kazi kubwa kuliko hizo.

Baada ya hapo tazama mteremko wa ardhi. Kanuni za ujenzi zinataka ardhi ishuke inchi sita katika futi kumi za kwanza kutoka kwenye nyumba. Chukua ubao mrefu ulionyooka na pimamaji ya fundi, upime pande zote nne. Penye shimo jaza udongo wa mfinyanzi na uushindilie. Mchanga haufai, kwa sababu unapitisha maji moja kwa moja. Acha inchi sita za ukuta wa msingi zionekane kati ya udongo na mbao au ubati wa nje, ili mchwa wasipate daraja, na usifukie matundu ya hewa. Kama unataka kuchimba mfereji, piga kwanza simu namba 811 siku chache kabla. Ni bure, na watakuja kuweka alama palipopita bomba la gesi na waya wa umeme. Bustani ya maua inayomwagiliwa kila siku kando ya msingi nayo isogeze mbali.

Kwa mabomba, kuna jaribio rahisi. Funga mifereji yote ya maji ndani ya nyumba, soma mita, kisha usitumie maji kwa saa moja au mbili na uisome tena. Namba ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja. Uvunguni, pitisha mkono chini ya viungo vya mabomba. Fuata pia kile kibomba chembamba kinachotoa maji ya kiyoyozi: mara nyingi kimekatika na kinadondosha maji chini ya nyumba kiangazi chote. Na bomba pana la kutolea hewa ya mashine ya kukaushia nguo lazima liishie nje. Kila mzigo wa nguo hutoa maji mengi pamoja na vumbi la nyuzi linaloshika moto.

Mambo hayo yakiisha ndipo inapofika kazi ya nailoni, ambayo ndiyo kazi moja ya uvunguni ninayomhimiza kila mwenye nyumba aifanye. Udongo hata ukionekana mkavu hutoa mvuke usiku na mchana. Ukiufunika, mvuke haufiki kwenye mbao. Nunua nailoni ya unene wa mil sita au zaidi. Mil hapa ni sehemu moja ya elfu ya inchi, usiichanganye na milimita. Roli la upana wa futi 20 na urefu wa futi 100 hufunika futi za mraba 2,000, linatosha nyumba ya kawaida pamoja na mapishano, na bei yake ni kama dola 100 hadi 150. Ongeza utepe wa gundi wa nailoni, si ule wa kawaida wa rangi ya fedha ambao huachia kwenye unyevu. Kama uvungu utatumika pia kama stoo au mafundi wanaingia mara kwa mara, nailoni nene ya mil 12 au 20 yenye nyuzi ndani itadumu zaidi, ingawa bei inapanda.

Kwanza toa takataka zote: vipande vya mbao vilivyoachwa na wajenzi, maboksi, mizizi. Mbao zilizolala kwenye udongo ni karamu ya mchwa. Ng'oa mawe yenye ncha. Anzia kona ya mbali kabisa na mlango, ukirudi kinyumenyume, usije ukatambaa juu ya kazi yako. Kipande na kipande vipishane futi moja, na mapishano yote yapigwe utepe. Pembeni, nailoni ipande ukutani angalau inchi sita na ibandikwe hapo. Kwenye nguzo zinazobeba nyumba, ikate kwa umbo la nguzo na uifunge kuizunguka. Usiipandishe hadi kwenye mbao: acha inchi tatu za ukuta wazi chini ya mbao, mkaguzi wa mchwa apate pa kutazama. Watu wawili wenye afya hufanya nyumba ndogo kwa siku moja au mbili. Kama magoti na mgongo havikuruhusu, tafuta kijana na umlipe. Ni kazi ya kuchosha, lakini haihitaji utaalamu mkubwa.

Na yale matundu ya hewa kwenye ukuta wa msingi, yafunguliwe au yafungwe? Hapa ndipo watu hubishana, na majibu ya zamani yamebadilika. Kwa miaka mingi kanuni zilisema tundu liwe wazi ili upepo ukaushe. Upepo hukausha ukiwa mkavu. Hewa ya Julai huko kusini, yenye joto la nyuzi 90 za Farenhaiti na unyevu wa asilimia 60, huanza kutoa maji ikipoa hadi nyuzi 74 hivi. Uvungu na mabomba ya kiyoyozi huwa na baridi kuliko hapo. Kinachotokea ni kile unachokiona kwenye glasi ya maji ya barafu mezani, yaani matone nje ya glasi. Tofauti ni kwamba safari hii matone yako kwenye boriti zako. Shirika la Advanced Energy la Raleigh lilichunguza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika nyumba 12 huko Princeville, North Carolina, mji ulioanzishwa na watu walioachiwa huru kutoka utumwani na uliozama katika mafuriko ya kimbunga Floyd mwaka 1999. Nyumba ambazo uvungu wake ulifunikwa ardhi na kufungwa matundu zilibaki kavu kuliko zile zenye matundu wazi, na zilitumia umeme pungufu wa kupoza na kupasha joto.

Hata hivyo usikimbilie kuziba matundu leo jioni. Kuziba bila kutandika nailoni ni kuufungia mvuke ndani. Kama tanuru la kupasha nyumba au hita ya maji inayotumia gesi iko uvunguni, inahitaji hewa ya kuunguzia. Ukiziba, gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi inaweza kurudi ndani, na gesi hiyo huua watu wakiwa usingizini. Mwite fundi wa gesi kwanza, na uwe na king'ora cha gesi hiyo kila ghorofa. Kama nyumba iko eneo la mafuriko, baadhi ya matundu yamewekwa kisheria ili maji ya mafuriko yapite yasibomoe ukuta, nayo hayazibwi kabisa. Piga simu ofisi ya vibali vya ujenzi ya mji au kaunti yako uwaulize wanataka nini. Na kama unaishi Arizona au Utah, ambako hewa ya kiangazi ni kavu, matundu wazi yanaweza kukutosha.

Uvungu uliozibwa unahitaji kukaushwa, ama kwa hewa kidogo kutoka kwenye kiyoyozi, ama kwa mashine ya kukausha hewa iliyotengenezwa kwa ajili ya uvunguni. Mashine hiyo ni dola 800 hadi 1,500 kabla ya kufungwa, na itaongeza bili ya umeme. Iweke kwenye asilimia 50 hadi 55, maji yake yatolewe nje kwa mpira, na chujio lisafishwe. Lakini ukishatengeneza gata, mteremko na nailoni, ngoja msimu mmoja wa joto upime tena. Huenda usiihitaji.

Kuvu iliyokwisha kuota nayo? Shirika la serikali la mazingira, EPA, linasema kama eneo ni chini ya futi za mraba 10, yaani kama futi tatu kwa tatu, unaweza kuisafisha mwenyewe kwa maji na sabuni, ukiwa na barakoa, kisha uikaushe kabisa. Halishauri kumwaga klorini kama desturi. Ikizidi hapo, au kama boriti inachomeka kwa bisibisi bila kupinga, ni kazi ya mtaalamu.

Kabla na baada ya kuziba uvungu, pima radoni. Hii ni gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini, na EPA inaitaja kuwa sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara. Kipimo cha kuweka ndani na kutuma maabara ni dola 15 hadi 30, na baadhi ya majimbo hukitoa bure. Kikionyesha pikokiuri 4 kwa lita au zaidi, kipimo kinachoandikwa pCi/L kwenye majibu, inabidi kuwekwa bomba na feni ya kuitoa nje.

Kama umepanga, kazi hizi si zako kulipia. Mwandikie mwenye nyumba, kwa ujumbe wa simu au barua pepe, ueleze unachoona na uambatishe picha. Maneno ya mdomo pekee hayana ushahidi. Akinyamaza, ofisi ya mji inayosimamia hali ya nyumba inaweza kutuma mkaguzi. Usiache kulipa kodi ili kumshinikiza kabla hujazungumza na msaada wa kisheria wa jimbo lako, kwa sababu katika majimbo mengi unaweza kufukuzwa kwa kufanya hivyo. Na kama ndiyo kwanza unanunua, mwambie mkaguzi waziwazi kwamba unataka aingie uvunguni na alete picha. Wengine huishia mlangoni.

Kuna kampuni zinazofanya kazi yote: nailoni nene, kuziba, mashine, pampu ya kutoa maji. Bei mara nyingi ni kati ya dola 5,000 na 15,000, na kwa nyumba nyingine inazidi. Kwa nyumba yenye maji yanayochipuka kutoka chini, kazi hiyo inastahili. Lakini anayekuja kukagua bure mara nyingi ndiye muuzaji. Pata makadirio matatu yaliyoandikwa, na muulize kila mmoja: maji yanatoka wapi? Asiyejibu hilo kabla ya kutaja bei, mshukuru na umsindikize. Kwa nyumba iliyoanza kudidimia, mlipe mhandisi wa majengo dola mia chache akague bila kuwa na kitu cha kuuza. Usisaini siku hiyo hiyo. Ukiwa umesaini nyumbani kwako, sheria ya serikali kuu inakupa, kwa mauzo mengi ya dola 25 au zaidi, hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi kuvunja mkataba na kurudishiwa pesa, na muuzaji anatakiwa kukupa mkataba au risiti kwa lugha aliyotumia kukuuzia. Jumamosi huhesabiwa kama siku ya kazi. Jumapili na sikukuu za kitaifa hazihesabiwi.

Kama kipato ni kidogo, kuna Weatherization Assistance Program, mpango wa serikali ulioanza mwaka 1976 wa kuzipunguzia familia gharama za umeme na joto, na mara nyingine kazi yake hujumuisha nailoni ya uvunguni. Kwa wanaoishi vijijini, Wizara ya Kilimo ina mkopo wa riba ya asilimia 1 wa kukarabati nyumba, na ruzuku kwa wenye umri wa miaka 62 na zaidi. Ili kujua ofisi iliyo karibu nawe, piga 211. Simu ni bure na vituo vingi vina wakalimani: mtu akipokea, taja neno moja tu, Swahili, na ubaki kwenye laini hadi mkalimani aunganishwe.